Toa Hapa

Shemeji yangu hajawahi kuomba kitu maishani mwake, na ndiye huyo huyo ambaye jumba zima la makumbusho linamtegemea kwa kuomba. Msinikatize, nitaeleza. Ngoja nianze na yeye mwenyewe.

Mtaani wanamwita Mzee Springi. Ukimkumbatia lazima uchomwe na kitu: mfuko wa shati una springi, mfuko wa suruali una skrubu, na nyuma ya sikio pana penseli ambayo huitafuta kutwa nzima. Mke wake, ambaye ni dada yangu wa toka nitoke, hafui nguo zake mpaka amekagua mifuko kama askari wa mpakani. Zamani alikuwa fundi wa cherehani na saa. Alizunguka nyumba kwa nyumba na begi lake la ngozi, mpaka watu wakaanza kutazama saa kwenye simu na kununua nguo zilizoshonwa tayari. Kazi ikamkimbia. Hakulalamika, mwenyewe si mtu wa kulalamika. Alirudi nyumbani, akakaa sebuleni, akaanza kufungua vitu vizima. Alianza na redio, ikafuata pasi, kisha kengele ya mlango, ambayo tangu siku ile hulia mtu akitoka badala ya akiingia.

Dada akaniita pembeni. Huyu naye ana jina lake, wateja wanamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lake la gauni halifumuki hata likivutwa na gari. "Mdogo wangu," akaniambia, "huko kazini kwenu hakuna kitu kibovu? Chochote kile. Mtafutie huyu mtu, kabla hajanifungua na mimi."

Kazini kwetu kibovu hakikosekani. Jumba lenyewe ni dogo, zamani lilikuwa posta, na mimi nakata tiketi kwenye dirisha lile lile walipokuwa wakiuza stempu. Tuko watu sita na paka. Juu yetu yuko Mkuu, bwana wa tai na miwani, ambaye akitaka kuzungumza na watu sita hutuandikia barua sita. Wakati huo saa ya ukumbini ilikuwa imesimama mwaka wa tatu, na paa lilikuwa likivuja juu ya chumba cha mizani za kale, tukaweka ndoo saba. Mgeni mmoja aliniuliza zile ndoo ni za karne gani. Nikamwambia ni za Jumanne.

Kwa ajili ya paa, Mkuu alikuwa ameweka sanduku la kioo ukumbini: TAFADHALI CHANGIA UKARABATI. Ndani mlikuwa na kifungo cha shati, tiketi ya basi, na noti moja ambayo Mkuu mwenyewe aliitumbukiza ili wengine waone haya. Hawakuona haya.

Springi alikuja kutengeneza saa, akamaliza kabla ya saa sita. Badala ya kwenda zake, akasimama mbele ya lile sanduku, mikono nyuma, kichwa upande.

"Shemeji," akaniita, "hili sanduku linaomba huku limenuna. Nani atampa mtu aliyenuna?"

"Wewe ungeombaje?"

"Mimi siombi. Mimi ningefanya watu watake wenyewe."

Hilo neno lishikeni, mimi siombi. Lilikuja kumtokea puani.

Wiki ya pili akaja na kitu kimefunikwa shuka. Alipofunua, tukaona ngazi ndogo ya mbao, na chini ya ngazi mchukuzi wa bati ana gunia mgongoni. Ukitumbukiza sarafu, mchukuzi anapanda kidato kimoja, anapumua, mabega yanashuka. Vidato viko kumi. Na ukichelewa kutumbukiza nyingine, anaanza kutetemeka magoti, halafu puu, anaanguka mpaka chini, gunia juu yake. Mnajua watu walivyo. Mtu alikuja na nia ya kutoa sarafu moja, akaona mchukuzi anatetemeka, akapapasa mifuko yote, akamkopa na mkewe. "Shikilia baba, shikilia, nakuja!" Nimeona mwalimu mzima wa hesabu akimpigia kelele mtu wa bati.

Halafu akaleta karani. Karani huyu wa mbao amelala juu ya meza yake, mdomo wazi. Sarafu ikianguka anashtuka, anakunja uso, anapiga mhuri mmoja wa nguvu, ta! kisha analala tena. Huyo alipendwa na watu wa maofisi ya jirani kupita kiasi. Walikuja saa za kazi kumcheka anayelala kazini. Mkuu peke yake hakucheka, aliuliza kwa nini karani amevaa tai kama yake.

Ndoo zikapungua toka saba hadi nne. Mkuu akampa Springi chumba kidogo cha nyuma, kilichokuwa cha vifurushi, kiwe karakana yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilimwona shemeji yangu anatembea kama mtu anayesubiriwa mahali. Dada naye akapata sebule yake. Kila mtu alikuwa na raha zake, mpaka akaja mshonaji wa mbao.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, mnivumilie. Dada alipokuwa msichana alishonea barazani kwetu, kwenye cherehani ya miguu aliyoachiwa na shangazi. Cherehani ilikuwa nzima, ila ilikuwa na gonjwa moja: skrubu ya gurudumu ilikuwa ikilegea. Gurudumu linacheza, uzi unakatika, kazi inasimama. Na bahati nzuri ya ajabu, kila ilipolegea, fundi alikuwa karibu. Kijana mmoja mwembamba, mwenye begi la ngozi, alikuwa akipita kusalimia tu, akishika shika cherehani kidogo, na kabla hajafika getini, kwaa! imegoma. Anarudi, anakaza, anapewa chai. Mama akasema kijana huyu ana nyota. Dada akasema cherehani imerogwa na kiwanda kilichoitengeneza. Mimi nilikuwa darasa la tano, nilikuwa na mashaka yangu, lakini nani angenisikiliza. Walipooana gonjwa likapona. Miaka thelathini na mmoja, skrubu haikulegea hata siku moja. Dada huwaambia watu kwamba ndoa ilikuja na baraka.

Sasa, binti yao alipoanza kazi alimnunulia mama yake cherehani ya umeme, ya kisasa, inayoshona mpaka maua. Ile ya miguu ikawekwa sebuleni dirishani, ikafunikwa kitambaa cheupe, juu yake vase. Ilikaa hivyo miaka minne. Basi siku dada alipokwenda kupima macho, Springi akaita mtu wa mkokoteni, wakaibeba cherehani hadi makumbusho. Hakumwambia mtu. Kitambaa alikikunja vizuri. Vase aliiweka sakafuni, pale pale miguu ya cherehani ilipokuwa. Mpaka leo anaamini kwamba alifanya ustaarabu.

Dada alirudi, akasimama mlangoni na miwani yake mipya, akaitazama ile vase. Mimi nilikuwepo. Sikusikia kelele. Mama Pindo asipopiga kelele, jueni mambo yameharibika.

"Ilikuwa imekaa tu," Springi akasema.

"Hata wewe umekaa tu. Nimekuuza?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia kwa miezi minne.

Mnadhani nawatania? Nakaa nao, chumba cha uani, na chakula tunakula meza moja. Chumvi iko mbele ya Springi. Dada ananigeukia mimi: "Mwambie shemeji yako apitishe chumvi." Namgeukia Springi: "Shemeji, chumvi." Springi: "Mwambie dada yako hii hapa." Namgeukia dada: "Hii hapa." Dada: "Mwambie asante." Chakula changu kilikuwa kinapoa kila siku nikiwa njiani kati ya watu wawili waliokaa hatua moja.

Mara moja nikasafiri siku mbili. Niliporudi nilikuta ujumbe umenisubiri kwa foleni. Dada alikuwa nao saba: gesi imekwisha, asiache taulo kitandani, na kadhalika. Springi alikuwa nao mmoja. Alinifuata hadi chumbani kwangu, akasimama mlangoni akichezea penseli. "Mwambie nimemkumbuka," akasema. Mtu analala naye chumba kimoja, na amemkumbuka.

"Huo siufikishi," nikamwambia. "Huo peleka mwenyewe. Nenda kamwombe radhi."

"Nilishamweleza kwamba ilikuwa imekaa tu."

"Huko ni kujitetea, shemeji. Kuomba ni kuomba. Hukumwomba ulipoichukua, basi kamwombe sasa."

"Nitaanzaje?"

Tazama mtu huyu. Mchukuzi wake anaomba, karani wake anaomba hata akiwa usingizini, mwenyewe hajui kuomba.

"Si uirudishe basi," nikasema. "Weka nyingine mbovu, mnadani zimejaa."

"Nyingine haifai."

"Kwa nini?"

"Haiijui kazi hii," akasema, akaenda zake. Nikaona ni ukaidi wa mafundi.

Mshonaji mwenyewe, haki ya Mungu, ni mzuri kuliko wote. Ni mwanamke wa mbao, ukubwa wa mtu, ameketi kwenye ile cherehani. Sarafu ikianguka inakalia kijiko, kijiko kinashuka, uzito unaachiwa, gurudumu linazunguka, na mguu wa mbao unakanyaga kama wa binadamu. Nyuma yake kwenye reli anatokea fundi mdogo wa bati na begi. Anainama, anafanya fanya jambo kwenye gurudumu. Mashine inasimama. Mwanamke anainua kichwa, anamtazama juu ya miwani, jicho lile la "umefanya nini tena." Fundi anavua kofia. Halafu mashine inaanza upya. Watu walivunjika mbavu. Nimeiona mara elfu na mimi, nikacheka kama wao, sikutambua kitu.

Shida ilikuwa moja tu, maandishi. Springi hakutaka TAFADHALI CHANGIA. Alichukua rangi nyekundu, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: TOA HAPA. Basi. Na jumba letu liko kati ya duka la simu na duka la dawa.

Siku ya kwanza akaingia bwana mmoja na simu mkononi. "Dada, nataka kutoa elfu ishirini."

Elfu ishirini! Nikamkaribisha mpaka mbele ya mshonaji, nikamwonyesha tundu, nikamshukuru kwa niaba ya paa. Bwana akamtazama mwanamke wa mbao, akanitazama mimi. "Wakala ni huyu?"

Kumbe alitaka kutoa pesa kwenye simu yake. Kufika adhuhuri walikuwa wameshakuja tisa. Mama mmoja aligoma kabisa kuondoka. "Mmeandika toa, nipeni nitoe."

"Mama, hapa toa maana yake ni kutia."

"Unajisikia lakini unavyosema?"

Nilijisikia. Mkuu akaandika barua kuagiza kibao kibadilishwe. Springi akajibu kwa mdomo kwamba rangi nyekundu imekwisha. Kibao kikabaki hivyo hivyo, na wengi waliokuja kutoa walijikuta wametia, kwa sababu wakishamwona mshonaji akiinua lile jicho hawawezi kuondoka bila kumwona tena. Ndoo ikabaki moja.

Nyumbani, hata hivyo, hali ilikuwa ile ile. Springi alikonda. Suruali aliifunga na waya. Alikuwa akisifiwa kutwa nzima na watu asiowajua, kisha anarudi nyumbani kuambiwa apitishe chumvi kupitia kwangu. Dada alikuwa amekula kiapo kwamba mguu wake hautakanyaga makumbusho, na mimi nilimwonea huruma mmoja asubuhi na mwingine jioni.

Kilichovunja kiapo ni mteja. Alikuja kupima gauni, akasimama mikono juu, akasema, "Mama Pindo, hukuniambia na wewe uko makumbusho! Nimekuona. Miwani yako, pua yako, mpaka unavyobana pini mdomoni."

Dada alikuwa na pini mdomoni wakati huo. Alizitoa moja moja.

Kesho yake saa nne nikamwona anaingia. Amevaa gauni la harusi za watu, mkoba begani. Akanunua tiketi kwangu kama mgeni, akataka na chenji. Nikachungulia mkobani alipoufungua: bisibisi. Ile kubwa ya mpini wa mbao.

"Dada, unakwenda wapi na hiyo?"

"Nakwenda kutoa. Si mmeandika?"

Nikaacha dirisha wazi, nikamfuata. Mbele ya mshonaji palikuwa na wageni kama kumi na mbili. Springi alikuwa amepiga magoti akitia mafuta reli. Alipoinua kichwa akamwona, kopo la mafuta likamtoka.

"Mwambie shemeji yako," dada akasema huku akimtazama yeye, "kibao kinasema toa hapa. Nimekuja kutoa cherehani yangu."

"Shemeji, anasema—"

"Nimesikia," Springi akasema. Akasogea pembeni. "Mwambie atoe. Ni yake."

Ingekuwa hapo ndio mwisho, nisingekuwa nasimulia. Lakini bwana mmoja wa kofia, mgeni tu, hajui lolote, alikuwa tayari ameshanyoosha mkono, akatumbukiza sarafu.

Gurudumu likazunguka. Dada akasimama na bisibisi hewani. Akamwona yule mwanamke, pua yake, miwani yake, pini mdomoni, gauni la bluu alilokuwa akivaa barazani kabla hajaolewa. Uso wake ukalegea kidogo, nikauona. Nyuma akatokea fundi wa bati na begi la ngozi. Akainama kwenye gurudumu. Mashine ikasimama. Jicho juu ya miwani. Kofia. Watu wakacheka.

Dada hakucheka. Dada ni mshonaji, anatazama mashine, hatazami wanasesere.

"Mwulize shemeji yako," akasema polepole, "mbona fundi amefika kabla mashine haijaharibika?"

Nikamtazama Springi. Springi akatazama viatu vyake.

"Mwulize," dada akaendelea, lakini sauti ilikuwa inapanda, na bisibisi nayo inapanda, "mwulize kwa nini amekwenda kwenye skrubu ile... Wewe! Wewe mwanamume! Kumbe ni wewe uliyekuwa unailegeza!"

Neno la kwanza ndani ya miezi minne, tena lilisikika mpaka duka la dawa.

"Miaka thelathini na mmoja nalaumu kiwanda! Nimewaandikia barua! Mama yangu amekufa akiamini una nyota!"

"Ningepata sababu gani nyingine ya kurudi?" Springi akasema.

"Ungeomba! Ungesema, naomba kuja kukuona!"

"Kuomba sikuweza." Alikuwa ameliokota kopo la mafuta, amelishika kwa mikono miwili. "Kulegeza ndiko nilikoweza. Hata sasa. Nilitaka kukuonyesha, nikasema nikishamaliza utakuja utaona mwenyewe. Hukuja."

Yule bwana wa kofia akatia sarafu nyingine, bila kuambiwa, nadhani alihisi inahitajika. Mashine ikazunguka tena, fundi wa bati akaja tena, akalegeza tena, akatazamwa tena. Dada akaangalia mpaka mwisho. Nikaona anabana midomo kama anabana pini, na pini zilikuwa hazimo.

Kisha akapiga magoti na gauni lake lile, akaingiza bisibisi, zungusha, zungusha. Nikasema cherehani imekwenda. Lakini alipoinuka alikuwa na kitu kimoja tu mkononi, skrubu ya gurudumu. Akaitia kwenye kimfuko cha ndani cha mkoba, pamoja na dawa ya macho.

"Nimetoa," akasema.

"Na mashine?" Springi akauliza. "Bila hiyo haizunguki."

"Najua kuliko wewe. Ukiitaka, njoo nyumbani uiombe. Kwa mdomo wako. Huyu mdogo wangu kuanzia leo hapeleki salamu za mtu." Akanigeukia: "Na wewe rudi dirishani, kuna watu wanangoja tiketi."

Asubuhi yake nilikuwa nakunywa chai. Springi akaja akasimama mlangoni mwa jikoni, ameoga, amevaa mkanda wa kweli. Akakohoa. Akarekebisha penseli. Akakohoa tena.

"Mke wangu," akasema, "naomba skrubu."

"Sijasikia."

"Naomba skrubu, tafadhali. Na... na nilikosea kuichukua bila kukuuliza. Na nimekukumbuka."

Dada aliendelea kukoroga chai yake, sukari ilishayeyuka zamani. Kisha akafungua mkoba.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Asubuhi anaomba, anapewa, anakwenda kuikaza. Jioni anaitoa, anairudisha. Paa tumeshaezeka, ndoo zote nimezipeleka chooni. Kibao bado kinasema TOA HAPA na bado nagombana na watu wa simu. Mshonaji anatakiwa kuanza saa tatu kamili, lakini siku nyingine ni saa tatu na nusu, siku nyingine saa nne kasoro, inategemea kuomba kumechukua muda gani na chai ilikuwa na maneno mangapi. Mkuu amechoka, ameandika barua. Anauliza kwa nini fundi hanunui skrubu nyingine, mbona ni kitu cha bei ya pipi.

Barua hiyo nimeiweka chini ya mashine ya tiketi, sijaijibu. Jana nilikuwa naanua nguo za Springi kwenye kamba, nikapapasa mfuko wa suruali, ile ambayo dada alishaikagua kabla ya kuifua. Ana skrubu kumi na moja, saizi ile ile.